Rive kwa menyu za kugusa: inasikia hata ikiwa mwendoni

Nikipewa menyu yoyote yenye animesheni, iwe ya simu, ya king'amuzi au ya mashine ya kuagizia chakula, kitu cha kwanza ninachofanya ni kuigusa kabla haijatulia. Droo inafunguka, naifunga ikiwa nusu. Kadi inapanda juu, nagusa ya jirani yake. Nyingi hufeli hapo hapo: ama zinakupuuza mpaka zimalize mbwembwe zake, ama zinaruka ghafla mpaka unadhani skrini ina matatizo. Kwa muda mrefu niliwaambia wateja kwamba ndivyo zilivyo, wazoee. Rive, programu ya kuchora na kuhuisha vitu vinavyoitikia mguso, imeninyang'anya hiyo lugha, na ndiyo maana naiandikia tathmini baada ya kuitumia kwenye kazi ya kulipwa, tangu mchoro wa kwanza hadi skrini kuwashwa.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mgahawa mmoja wa Sinza ulitaka kishikwambi kikubwa pembeni ya kaunta, mteja achague chakula mwenyewe, apate namba, akakae. Vyakula ni vile vile tunavyovijua: chipsi kuku, chipsi mayai, mishikaki, ugali na sato, pilau, juisi ya miwa, ya embe na ya parachichi. Mwenye mgahawa, mama mtu mzima asiyependa maneno mengi, aliwahi kuona menyu ya namna hiyo Dubai alikokwenda kufuata mzigo wa vyombo, ikamkaa kichwani. Video hakuitaka. Alitaka "vitu visogee mtu akivigusa, asipovigusa vitulie". Sijawahi kupewa maelezo ya kazi mafupi na kamili kama hayo na wakala yeyote wa matangazo.

Kabla sijafika kwenye Rive, niseme nimetoka wapi, maana tathmini ya mtu aliyeanzia kwenye tovuti isingefanana na yangu. Mimi nimetokea kwenye video za harusi. Waliofanya kazi hiyo zama za deki wanaikumbuka Adobe Encore, ile programu ya kutengenezea DVD iliyoishia kwenye toleo la CS6 la mwaka 2012. Mandhari tulikuwa tunaitengeneza kwenye After Effects, programu ya Adobe ya kuhuisha video: majina ya bwana na bibi harusi yanaingia, maua yanaelea, picha zao zinapishana, yote kwa ukubwa wa 720 kwa 576 na fremu 25 kwa sekunde, kwa sababu televisheni zetu zilikuwa za mfumo wa PAL. Halafu vitufe: Send-off, Kanisani, Ukumbini, Zawadi. Vitufe vilichorwa Photoshop, na kila leya ilipewa alama mbele ya jina lake ili Encore iitambue. Ukisahau ile (=1) kwenye leya ya mwako, yaani rangi inayoonyesha kitufe kilichochaguliwa, kitufe hakiwaki hata ufanye nini.

Mwako wenyewe ulikuwa maskini. DVD ilikubali picha ya rangi tatu tu juu ya video, bila kivuli laini wala mwendo wake binafsi. Lakini kilichoniudhi zaidi ni ile alama ya kuanzia mzunguko, waliyoiita loop point. Video ya menyu inaanza, utangulizi wako mzuri unacheza, na vitufe havifanyi kazi mpaka video ifike kwenye alama hiyo. Ukiweka utangulizi wa sekunde 12, basi kwa sekunde 12 babu wa bibi harusi anabonyeza rimoti na hakuna anayemjibu. Anaigonga kiganjani, anatoa betri, anazirudisha, anamwita mjukuu. Mjukuu akifika, menyu imeshafika kwenye mzunguko, inafanya kazi, na babu anaonekana hajui rimoti. Hakuna kilichoharibika pale. Ni menyu iliyojengwa iangaliwe kwanza, itumike baadaye.

DVD zikaisha, ikaja kazi ya programu za simu, na mwaka 2017 Airbnb wakatoa Lottie, mfumo wa kuchezesha animesheni ndani ya programu hizo. Hiyo ilikuwa nafuu kubwa. Unahuisha kwenye After Effects, unatoa kwa Bodymovin, ile programu-jalizi ya Hernan Torrisi, unapata faili dogo la JSON, na simu inachora mistari yako ikiwa safi kwa ukubwa wowote. Hadi leo natumia Lottie kwa alama ya kusubiri, tiki ya malipo na vitu vya namna hiyo. Ila Lottie niliyoijua mimi ilikuwa bado ni mstari mmoja wa muda: hapa mwanzo, pale mwisho. Nikimpelekea faili kijana ninayefanya naye kazi, yule anayeandika msimbo, alikuwa na swali lake moja: "Dada, mtu akigusa mara mbili haraka, inafanya nini?" Sikuwa na jibu, kwa sababu After Effects haikuwahi kuniuliza. Basi jibu analitunga yeye, kwa kukata vipande vya fremu 0 hadi 18, 18 hadi 40, na kuviunganisha kwa msimbo. Mara nyingi jibu lake likawa kuzuia mguso mpaka mwendo uishe. Hapo tumerudi kwa babu na rimoti yake.

Rive inaanza na swali la yule kijana. Waliotengeneza ni mapacha, Luigi na Guido Rosso. Zamani iliitwa Flare, na wengi wetu tuliisikia kwa mara ya kwanza mwishoni mwa 2018 Google walipoionyesha kwenye hafla ya Flutter Live, ya Flutter, zana yao ya kujengea programu za simu. Kama umetumia Duolingo, ile programu ya kujifunzia lugha, ukaona wale wahusika wanaongea na midomo inafuata maneno, hiyo ni Rive inafanya kazi. Sitaji majina makubwa kwa kujisifu nayo. Naeleza tu kwamba si kifaa cha majaribio cha wanafunzi.

Ukiifungua, sehemu ya kuchora haina ajabu. Kuna kalamu, maumbo, leya, rangi za kuchanganya. Aliyezoea Illustrator au Figma ataona pamepungua vitu, na mimi vyakula vyote nilivichora nje nikaviingiza kwa SVG, faili la michoro ya mistari. Sehemu ya kuhuisha ina mstari wa muda ambao mtu wa After Effects ataukalia siku ya kwanza bila mwalimu. Pesa yako inakwenda kwenye sehemu ya tatu, State Machine, ambayo hapa nitaiita mashine ya hali.

Nichukue kadi moja, ya chipsi kuku. Ina hali nne: imetulia, imebanwa na kidole, imefunguka, imeisha jikoni. Mtu wa video akisikia hivyo anafikiri atatengeneza miendo minne. Hapana. Tatu kati ya hizo ni pozi tu, fremu moja. Ikiwa imetulia, sahani iko hapa na bei iko pale. Ikiwa imefunguka, sahani imepanda, imekua kidogo, na chini yake pametokea kachumbari, soda na kitufe cha kuongeza. Mwendo wenyewe hauchorwi. Unachora mshale kutoka hali moja kwenda nyingine, na kwenye mshale unaandika vitu viwili: sharti na muda. Sharti: "wazi" iwe kweli. Muda: milisekunde 220. Rive inachanganya pozi mbili hizo yenyewe, kwa mkunjo wa kasi utakaouchagua.

Hapa ndipo akili ya After Effects inapogoma. Umezoea kuhesabu: sekunde ya kwanza hiki, ya pili kile. Kwenye mashine ya hali hakuna sekunde ya pili, kuna "kama". Kama amegusa. Kama ameachia kidole nje ya kadi. Kama kuku wameisha huku kadi yao iko wazi mkononi mwa mteja. Hilo la mwisho sikulifikiria mimi, lilijitokeza lenyewe nilipoangalia ramani ya mishale na kuona kwamba kutoka "imefunguka" hakuna njia ya kwenda "imeisha". Ramani ilinionyesha tundu ambalo kwenye mstari wa muda lingeonekana siku mteja amelipia kuku ambaye hayupo.

Sasa lile jambo la kugusa wakati inatembea. Bofya mshale wowote, angalia paneli ya kulia, kuna chaguo linaitwa Enable Early Exit. Bila kuliwekea tiki, mpito ulioanza lazima umalize ndipo mwingine uruhusiwe. Ukiliwekea, mteja akifunga kadi ikiwa nusu njia, inageuka pale pale ilipo na kurudi, bila kuruka na bila kusubiri. Milisekunde 220 zinaonekana si kitu, lakini kidole cha mtu mwenye njaa kina kasi kuliko hizo. Naona mafunzo mengi ya mtandaoni yanalipita chaguo hili kana kwamba ni la wataalamu. Kwangu ndilo la kwanza kuliangalia kwenye menyu yoyote.

Jirani yake lipo jingine, Exit Time, na hilo ni la kuangalia kwa jicho la shari. Ukiliweka asilimia 100, hali inakatalia mpaka mwendo wake uishe ndipo iruhusu kuondoka. Lina mahali pake: kadi ya "Oda imepokelewa", ambayo tiki yake lazima ichorwe yote ili mteja aamini. Ukiliweka kwenye droo ya vinywaji umejenga DVD upya, kwa gharama kubwa zaidi.

Vichocheo vya haya yote viko vya aina tatu: kweli au si kweli, namba, na kile kinachofyatuka mara moja kikajizima. Unaviunganisha na mguso kwa vitu wanavyoviita Listeners, ndani ya Rive humo humo. Maana yake mbunifu anaijaribu menyu nzima kwa kidole chake kabla hajampigia simu mwandika msimbo. Ugomvi wetu na yule kijana ulipungua sana kwa sababu hii moja. Zamani nilimpa video na maelezo; sasa nampa faili la .riv lililo hai, na yeye anachofanya ni kuliambia "kuku wameisha" au "bei ni hii".

Tahadhari kwa wanaopakua mifano ya watu kwenye maktaba ya jamii ya Rive: mingi mizuri imejengwa kwa kipanya. Kitufe kinang'aa mshale ukipita juu yake. Kwenye kishikwambi hakuna kupita juu, kuna kugusa na kuachia, kwa hiyo nusu ya uzuri ule unakufa ukifika kaunta. Badilisha masharti yawe ya kubana na kuachia. Na eneo la kugusa usiliache liwe sawa na mchoro. Weka mstatili usioonekana, mkubwa kuliko kitufe, ndio upokee mguso. Mwongozo wa Android unataka angalau dp 48 (dp ni kipimo chao cha skrini) kila upande. Mimi nilizidisha, maana pale kaunta watu wanaagiza mishikaki ya pili wakiwa wameshika ya kwanza.

Nije kwenye kipimo cha pilipili, ambacho ndicho kilichouza kazi. Mwanzoni kilikuwa vitufe vitatu: kidogo, wastani, kali. Rive ina aina ya hali inayochanganya miendo kadhaa kwa namba moja, Blend State. Nikatengeneza kauso ka kikatuni kenye pozi tatu: kwenye 0 kametulia, kwenye 50 kashavu kamekuwa kekundu, kwenye 100 jasho linatiririka na ulimi uko nje. Halafu nikaiunganisha namba na kitelezo. Ukivuta kidole hadi 75, uso unakaa kati ya wastani na kali bila mimi kuchora chochote cha 75. Ukirudisha kidole, jasho linarudi kichwani. Hakuna kucheza wala kusimama, hakuna mwanzo wala mwisho. Uso unafuata kidole tu. Jaribu kufanya hilo kwa video.

Watoto wanakichezea hicho mpaka foleni inasimama. Mama alipokuja kukagua, alivuta pilipili kushoto kulia mara kadhaa bila kusema neno, halafu akagusa droo ya vinywaji, ambayo wakati huo niliipa nusu sekunde nzima na kamdundiko mwishoni. Akaniangalia. "Mwanangu, hii inacheza na mimi nina njaa." Kamdundiko kakaondoka, muda ukakatwa chini ya nusu, na kwa sababu muda uko kwenye mshale, ilikuwa suala la kuandika namba mpya mbele yake. Kwenye After Effects ningesogeza alama za leya zote, nikatoa upya, nikampelekea kijana, naye angehesabu fremu zake upya. Mama asingesubiri.

Kadi inatengenezwa mara moja, kisha inapandikizwa kwenye ubao mkubwa kwa kila chakula, na kila nakala inakuwa na hali yake. Jina, bei na picha vinatoka nje kwa njia ya data binding, yaani kuunganisha mchoro na taarifa za nje, na Rive wenyewe sasa wanasukuma watu huko badala ya vile vichocheo vya zamani nilivyovitaja. Kwa mgahawa hili si anasa. Bei ya kuku haikai mwezi. Ingekuwa imechorwa ndani ya animesheni, ningekuwa mwajiriwa wa kudumu wa kubadilisha tarakimu.

Kuna kitu kidogo kwenye fonti nataka kukisema kwa sababu sijaona kikiandikwa. Ukitoa faili, unaweza kuchagua fonti ibebe herufi zote au zile tu zilizotumika kwenye mchoro, ili faili liwe jepesi. Wengi watachagua jepesi. Lakini majina ya vyakula yanakuja baadaye kutoka kwenye hifadhidata. Kama kwenye mchoro wako hapakuwa na "nyama ya ng'ombe", ile alama juu ya ng' haimo kwenye faili, na siku mama akiongeza supu ya ng'ombe pataonekana pengo. Zaidi ya hapo, kuna watu wanaandika alama iliyonyooka na wengine iliyopinda, kutegemea simu. Beba zote mbili, pamoja na tarakimu zote na koma ya kwenye elfu. Uzito unaoongezeka ni mdogo mno.

Uzito wa kweli uko kwenye picha. Rive ina raha na michoro ya mistari. Hapo faili lote linaweza kuwa kilobaiti chache. Ukianza kuweka picha halisi za pilau na sato, raha inaisha haraka. Unaweza kuziacha nje ya faili zikapakiwa zikihitajika, na ndivyo nilivyofanya kwa zile chache alizozing'ang'ania mwenye mgahawa. Zilizobaki ni michoro. Kusema kweli, chipsi zilizochorwa vizuri zinavutia kuliko chipsi zilizopigwa picha kwa simu chini ya taa ya bluu.

Kwa upande wa kishikwambi, usiamini kompyuta yako. Vitu vinavyokula nguvu ni vile vile kila mahali: michoro inayokatwa kwa maumbo mengine, picha zinazopindwa kwa wavu wa nukta nyingi, ukungu na mng'ao juu ya eneo kubwa. Kwenye kompyuta ya mbunifu vyote vinateleza. Kifaa cha bei ya chini hakina huruma. Weka kile kifaa halisi mezani tangu mwanzo na kijaribu kikiwa kimechomekwa kwenye chaji na kimepata joto, maana ndivyo kitakavyoishi.

Sasa lawama. Ya kwanza ni intaneti: faili zako zinakaa kwenye seva zao, na kazi inafanyika ukiwa umeunganishwa. Mtu anayefanya kazi kwa bando atalihisi hilo. After Effects ukishaifungua na leseni iko sawa, unaweza kukaa kijijini Kisarawe ukahuisha bila mtandao. Kuna namna ya kushusha nakala ya akiba, faili la .rev, na nakushauri ufanye hivyo kila ukimaliza hatua, ulihifadhi kwako. Ya pili ni malipo: yanalipwa kwa dola na kwa kadi, na mpango wa bure ni wa kujifunzia na kuonyeshana zaidi kuliko wa kukabidhi kazi. Ukimpa mteja bei, ingiza ada hiyo humo tangu siku ya kwanza, na mweleze kwamba menyu ikishatolewa inaendelea kuishi kwenye kifaa chake hata usipolipa mwezi unaofuata. Vichezeshi vya .riv viko wazi chini ya leseni huria ya MIT, hivyo hakuna anayekuja kuizima.

Ya tatu ni nzito na inasahaulika. Kwenye tovuti, Rive inachora kila kitu ndani ya turubai moja. Kwa programu ya kusomea skrini wanayotumia wasioona, menyu yako nzuri ni picha moja isiyo na maneno. Kitufe cha "Lipa" hakipo. Kwa skrini ya kaunta yenye mhudumu pembeni tulilivumilia, lakini kwa huduma ya umma, benki au hospitali, maandishi na vitufe vya kweli lazima viwepo chini ya mchoro, na hiyo ni kazi ya mwandika msimbo ambayo inabidi ipangiwe muda na pesa. Anayekuambia Rive inamaliza yote hajakutana na mtumiaji wa namna hiyo.

Na kama unapenda moshi, chembe zinazotawanyika, kamera inayozunguka na taa za kuigiza, hapa hutavipata kama ulivyozoea. After Effects imekuwepo tangu 1993 na inaonekana kwenye wingi wa vitu vyake. Rive inaweza kupokea faili za Lottie, ila kilichoingia ni mwendo. Hali na masharti utajenga mwenyewe. Watu wa dotLottie, aina mpya ya faili la Lottie, nao wameleta mashine ya hali kwenye mfumo wao, na kwa mtu ambaye kazi zake zote ziko After Effects hiyo ni njia ya kuangaliwa kabla hajahama. Mimi nimehama kwa menyu tu. Vichwa vya video na matangazo vimebaki nilikovizoea.

Muda wa kujifunza? Mchoraji mzuri asiyejua kuhuisha ataipata haraka kuliko mhuishaji mkongwe, kwa maoni yangu, kwa sababu hana cha kusahau. Mkongwe anza na kitufe kimoja: vistari vitatu vya menyu vinavyogeuka kuwa alama ya kufunga. Pozi mbili, mishale miwili, tiki ya Early Exit kwenye yote miwili. Kisha kiguse kwa fujo. Ukiona vistari vinayumba kwenda na kurudi bila kupotea njia, umeshaelewa kitu kikubwa, vingine ni kuongeza idadi.

Kwa anayeniuliza anunue au asinunue: kama kuna kidole kitakachogusa, nunua, na mwandika msimbo awe mezani tangu mwanzo. Kama unachotengeneza ni bango la vyakula linalozunguka kwenye televisheni juu ya kaunta, bei zinapishana na hakuna anayeligusa, okoa pesa yako. Lihuishe kwenye After Effects au programu yoyote ya video uliyonayo, toa MP4 ya H.264, itie kwenye flashi, chomeka nyuma ya TV na uiweke ijirudie.